Je, Wajua? ADHD Haiishii Utotoni
Je, wajua kuwa ADHD, hali ya ubongo inayotatiza umakini na mpangilio wa kazi, huendelea kwa wengi hadi utu uzima? Kazini, wengi huificha wakiogopa kuitwa wavivu.

Mwaka 1999, Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alionyesha kuwa timu hujifunza zaidi pale watu wanapoweza kuuliza, kukiri kosa na kuomba msaada bila kuaibishwa. Hali hiyo ya kutoogopa aibu, iitwayo usalama wa kisaikolojia, humwezesha mwenye ADHD kusema mapema, “Nimekwama.”

Kiongozi anaweza kuujenga usalama huo: aandike maagizo, agawe kazi kubwa katika hatua fupi zenye tarehe, na akosoe faraghani. Hatua hizo hazina gharama kubwa, na zinaweza kuwanufaisha wafanyakazi wengine pia.