Kupanda Ua wa Miti Mwanzo wa Vuli
(Sehemu ya Pili)

Katika sehemu iliyotangulia tulibainisha miti ifaayo kwa ua. Sasa yatupasa kueleza wakati wa kuipanda, kwani mche mwema uliopandwa nje ya majira yake ni mali iliyotupwa.

Watu wa Uingereza hupenda kupanda vichaka vya bustani na miche ya ua mwezi wa Septemba na Oktoba, na hikima yao ni dhahiri: ardhi ingali na joto la kiangazi, hewa imepoa, na mvua zimerejea, hata mche ukapata nafasi ya kushusha mizizi kabla ya kutakiwa kulisha majani mengi. Kwetu pwani hatuna theluji ya kuihofu, lakini tuna hasimu wetu, nao ni upepo wa kaskazi, ambao baada ya vuli kukatika huandamana na jua kali na kuikausha ardhi mpaka masika yaingie. Kwa hiyo apandaye vuli hana budi kuanza mara mvua za kwanza zilainishapo udongo, wala asitaakhari hadi Desemba.

Hata hivyo si kila mti ni wa vuli. Mhina, ambao miche yake ni laini, husitawi zaidi ukipandwa wakati wa masika, kwa kuwa nyuma yake huja kipupwe chenye manyunyu na hewa baridi. Ama mnyaa na mbono, ambayo huweka maji katika mashina yake, hustahimili ukame, na adui yake hasa ni maji yatuamayo, yaozeshayo vipande kabla havijatoa mizizi; hii ndiyo miti ya vuli.

Vipande vya mnyaa vikishakatwa viwekwe kivulini siku kadhaa mpaka jeraha likauke, ndipo vipandwe, navyo visitiwe maji mengi. Mkataji na ajihadhari na utomvu wake mweupe, ambao ukiingia jichoni huunguza vikali na waweza kumnyima mtu kuona kwa muda. Ukimpata, aoshe jicho kwa maji mengi na kumwendea tabibu bila ya kukawia. Ua upandwe safu mbili za kupishana, ili pengo la safu moja lizibwe na mche wa nyingine. Majani makavu yakitandazwa kuhifadhi unyevu, yasigusane na mashina, kwani huwaalika mchwa.

Miche ikishashika, ikatwe ncha mapema, ijapokuwa mwenyewe huona uchungu kuupunguza ua alioungojea kwa hamu. Mti usiokatwa hukimbilia juu na kuacha chini wazi, na mbuzi hupitia chini. Basi, ewe msomaji, tengeneza mtaro wako tangu Septemba, udongo ungali mkavu, ili mvua ikikunyeshea ikukute tayari.