Simu Iliyorudi Kutoka Polisi

Tarehe 2 Mei 2025, polisi wa Kenya waliwakamata watengenezaji filamu wanne jijini Nairobi na kuondoka na vifaa vyao, simu zikiwemo. Walihusishwa na Blood Parliament, filamu ya BBC kuhusu waandamanaji waliopigwa risasi nje ya Bunge tarehe 25 Juni 2024. BBC ilisema hawakushiriki kuitengeneza. Waliachiwa bila mashtaka, lakini vifaa vilibaki kwa polisi hadi tarehe 10 Julai.

Wataalamu wa Citizen Lab, ya Chuo Kikuu cha Toronto, walipozikagua simu hizo, walikuta mbili zimepachikwa FlexiSPY, programu ya ujasusi. Ilipachikwa tarehe 21 Mei, simu zikiwa bado mikononi mwa polisi.

FlexiSPY haina makuu ya Pegasus, programu nyingine ya ujasusi. Inauzwa mtandaoni kwa yeyote mwenye pesa; kinachotakiwa ni kuishika simu yenyewe. Ikishaingia husoma ujumbe, hurekodi mazungumzo, huonyesha mwenye simu yuko wapi, na huweza kuwasha kipaza sauti bila yeye kujua. WhatsApp na Signal hulinda ujumbe ukiwa njiani. Hapa mdukuzi ameshaingia ndani ya simu, anausoma pamoja na mwenyewe.

Linaloniuma zaidi ni kwamba simu ya mtengeneza filamu au mwanaharakati si yake peke yake. Humo mna mama aliyesimulia mwanawe alivyochukuliwa usiku, mna daktari aliyetuma picha za majeraha kwa sharti asitajwe jina, mna wakili na mteja wake. Hao hakuna aliyewakamata wala kuwaonyesha hati ya mahakama, na siri zao zimechukuliwa.

Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya inalinda faragha ya mawasiliano, na Sheria ya Ulinzi wa Data ipo tangu 2019. Lakini sheria hiyo inalegeza masharti pale usalama wa taifa unapotajwa, na mlango huo ni mpana mno. Mahakama inayoruhusu simu ikaguliwe itaje kinachotafutwa, na kifaa kifungwe kwa lakiri mbele ya wakili.

Kwa sasa, anayeona anakaribia kukamatwa aizime simu kabisa. Iliyozimwa, yenye nywila ndefu, ni ngumu zaidi kufunguliwa. Ikirudi asiitumie: aipeleke kwa wataalamu, na wote aliowasiliana nao waambiwe siku hiyohiyo ilikuwa mikononi mwa nani.