Bunduki kubwa haimfanyi mtu kuwa mwindaji

JE, msomaji, kama ungeruhusiwa kununua bunduki moja tu ya kuwindia mbweha, ayala na nguruwe mwitu, ungechagua ipi? Yamkini ungejibu upesi, "Ile iliyo kubwa kuliko zote!" Usijilaumu. Filamu tunazotazama sebuleni zimetufunza kwamba mwenye bunduki nene ndiye mshindi.

Hapa kwetu Kenya swali hilo halimkoseshi mtu usingizi, kwa kuwa uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku mwaka wa 1977. Lakini nchini Ujerumani, ambako zaidi ya watu 400,000 wana leseni ya kuwinda, ni swali ambalo kila mwanafunzi lazima alijibu kabla hajaingia msituni na bunduki yake.

Naam, mwanafunzi! Huko mtu hapati leseni kwa kuwa na pesa tu. Hukalia mtihani wa kuandika, akaulizwa maswali ya ana kwa ana, kisha akapelekwa uwanjani kulenga shabaha. Mtihani wenyewe ni mgumu hata Wajerumani wameupa jina la utani, "Abitur ya kijani." Abitur ni mtihani wao wa kumaliza shule ya upili, kama KCSE kwetu.

Wanyama watatu, miili mitatu

Kwanza tuwatazame wanyama wenyewe. Mbweha mwekundu wa Ulaya ni mdogo. Uzito wake ni kilo 6 hadi 8 hivi, na sehemu kubwa ya umbo unaloliona ni manyoya.

Ayala, ambaye wengi wetu tumekutana naye katika Zaburi tu, yuko wa aina kadhaa. Mdogo wao, ambaye ndiye mwingi zaidi, Wajerumani humwita Reh. Uzito wake ni kama kilo 20, sawa na mbuzi mdogo. Lakini ayala mwekundu dume anaweza kupita kilo 150.

Nguruwe mwitu naye ni kiumbe kingine kabisa. Dume lililokomaa hupita kilo 100. Ngozi yake ni nene, mifupa ya mabega ni migumu, na akijeruhiwa ana meno ya kumpasua mbwa tumbo.

Huenda ukauliza, kwani wanyama hao wamekosa nini? Reh hula machipukizi ya miti michanga, na wakizidi msitu haukui. Kila mwaka zaidi ya milioni moja huwindwa Ujerumani na nyama yao kuliwa. Nguruwe mwitu hufukua mashamba ya mahindi na viazi. Katika msimu wa 2019/20 pekee waliuawa zaidi ya 880,000.

Tena kuna jambo linalotuhusu sisi. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza hapa Kenya, mwaka wa 1921. Mwaka wa 2007 iliingia Georgia, ikasambaa Ulaya, na Septemba 2020 ikapatikana kwa nguruwe mwitu huko Brandenburg, Ujerumani. Haimdhuru binadamu, lakini humaliza nguruwe wa mkulima zizini. Tangu hapo wawindaji wamehimizwa zaidi kuwapunguza nguruwe wa msituni.

Kaliba ni nini hasa?

Kaliba ni upana wa tundu la mtutu, na kwa hiyo upana wa risasi inayopita humo. Wamarekani na Waingereza huupima kwa inchi. Ukisikia .308, maana yake ni sehemu 308 za elfu moja za inchi, yaani karibu milimita 7.8. Wajerumani hutumia milimita. Wakiandika 9,3x62 wana maana kwamba risasi ina upana wa milimita 9.3 na ganda lake lina urefu wa milimita 62.

Hapo ndipo wengi hupotea. Upana peke yake hausemi kitu kuhusu nguvu. Chukua risasi ndogo ya .22 ya kufundishia shabaha na ile ya .223. Upana wao unakaribiana sana. Lakini ya kwanza ina gramu 2.6 na hutoka kwa kasi ya mita 330 kwa sekunde, ilhali ya pili ina gramu 3.6 na hutoka kwa kasi ya mita 990.

Wewe uliye shuleni, toa kalamu. Nguvu ya mwendo ni nusu ya uzito kwa kilo, mara kasi, mara kasi tena. Utapata kama jouli 140 kwa ile ya kwanza na zaidi ya jouli 1,700 kwa ya pili. Upana ni karibu sawa, nguvu ni zaidi ya mara kumi! Siri iko katika ganda, kwa sababu ndilo linalobeba baruti.

Sheria inasemaje

Wajerumani hawakumwachia mwindaji akisie. Sheria yao ya uwindaji inaagiza kwamba risasi ya kumpiga Reh iwe bado na nguvu ya jouli 1,000 ifikapo mita 100. Kwa ayala wakubwa na nguruwe mwitu, risasi isiwe nyembamba kuliko milimita 6.5, na ifikapo mita 100 iwe bado na jouli 2,000. Kuwapiga kwa marisawa, zile chembe nyingi za bunduki ya ndege, ni marufuku. Kwa mbweha hakuna kipimo cha nguvu kilichowekwa.

Kwa hiyo .223 yatosha kwa mbweha na kwa Reh, lakini kwa nguruwe ni kinyume cha sheria. Hata .243, ambayo yaweza kufikisha zile jouli 2,000, haikubaliwi kwa nguruwe, maana upana wake ni milimita 6.2 tu. Mtahiniwa asiyekumbuka hilo huanguka.

Sababu ya ukali huo ni jeraha. Mnyama aliyepigwa kwa risasi hafifu hafi papo hapo. Hukimbilia vichakani akivuja damu, na huenda akateseka usiku kucha. Ndiyo maana huko mwindaji aliyemjeruhi mnyama hawezi kwenda zake nyumbani kulala. Ni wajibu wake kumtafuta, aghalabu kwa mbwa aliyefunzwa kufuata harufu ya damu, hata kama ni kesho yake alfajiri na mvua inanyesha.

Basi si achukue kubwa?

La hasha! Ubaya wa bunduki kubwa ni tatu.

Kwanza, huharibu. Mbweha akipigwa kwa risasi ya nguruwe, ngozi yake haifai tena kushonwa chochote. Reh naye akipigwa begani kwa risasi iendayo kasi mno, nyama ya bega zima hugeuka damu tupu na kutupwa.

Pili, humpiga mwenyewe. Bunduki yenye nguvu hurudi nyuma ikamgonga mtu begani. Akishagongwa mara kadhaa, huanza kufumba macho kabla ya kufyatua, na risasi huenda kombo. Walimu wa shabaha wanajua kwamba risasi ya kadiri iliyopenya moyo na mapafu ni bora kuliko risasi nene iliyopiga tumbo.

Tatu, na hili ndilo zito, risasi haikomi kwa mnyama. Risasi ya bunduki kubwa ikikosa shabaha inaweza kuruka hadi kilomita 5, na hata ile ndogo ya .22 hufika kilomita moja na nusu. Ndiyo sababu wawindaji wengi wa Ujerumani hukaa juu ya vibanda vya mbao vyenye ngazi, ili risasi ishuke na kuishia ardhini. Mwezi Desemba 2020, nchini Ufaransa, kijana mmoja aliyekuwa akikata kuni karibu na nyumba yake aliuawa na mwindaji aliyedhani ameona nguruwe mwitu. Hakuna kaliba inayoweza kusahihisha kosa kama hilo.

Jibu la swali

Kama ni lazima iwe bunduki moja, wengi huko huchagua ya kati: .308 iliyotoka Marekani mwaka wa 1952, .30-06 ya mwaka wa 1906, au 8x57 yao wenyewe. Hiyo .308 ni ndugu wa karibu wa risasi ya G3, ambayo umewahi kuiona mabegani mwa polisi wetu. Inatosha kwa nguruwe na ayala, na kwa mbweha huvumilika iwapo ngozi haitakiwi.

Anayewinda nguruwe sana hupenda 9,3x62. Hii ilibuniwa mwaka wa 1905 na fundi bunduki wa Berlin, Otto Bock, kwa ajili ya walowezi waliokuwa katika makoloni ya Kijerumani barani Afrika. Leo makoloni hayapo, lakini risasi yenyewe ingali msituni Ujerumani.

Wapo pia wanaobeba bunduki iitwayo Drilling, yenye mitutu mitatu: miwili ya marisawa na mmoja wa risasi. Mbweha akitokea karibu hupigwa kwa marisawa, na nguruwe akitokea hupigwa kwa risasi.

Familia nazo zina neno. Risasi za madini ya risasi humeguka ndani ya nyama, na tai wengi wamekufa kwa sumu hiyo baada ya kula mabaki porini. Majimbo kadhaa ya Ujerumani yamezipiga marufuku, na wawindaji wamehamia zile za shaba.

Basi, mzazi, siku kijana wako atakapotazama filamu na kushangilia bunduki nene, muulize maswali matatu ambayo mwanafunzi wa Ujerumani huulizwa: Unampiga mnyama gani? Yuko umbali gani? Na nyuma yake kuna nini? Asipoweza kujibu hilo la tatu, mwambie asifyatue, hata akiwa na bunduki bora kuliko zote duniani. Maji yakimwagika hayazoleki, na risasi nayo ikishatoka mtutuni hairudi.