Mvinyo wa Maraussan na Tembo la Pwani Yetu

Kusini mwa Ufaransa, karibu na mji wa Béziers, kiko kijiji kiitwacho Maraussan. Wenyeji wake tangu zamani wameishi kwa mizabibu, kama watu wa Pangani, Muheza na Mkinga walivyoishi kwa minazi. Ndugu msomaji aweza kuuliza: kijiji cha mbali namna hiyo chatuhusu nini sisi wa Tanga? Chatuhusu sana, maana misiba iliyowapata wakulima wale, yaani ugonjwa na bei mbaya, ndiyo iliyowakuta wagema na wenye minazi wa pwani hii.

Katika miaka ya 1860 mdudu mdogo aitwaye filoksera, mwenye asili ya Marekani, aliingia katika mizizi ya mizabibu ya Ufaransa akaiteketeza wilaya baada ya wilaya. Waliokoka kwa kupachika vitawi vya mizabibu yao juu ya mashina ya Kimarekani, ambayo mdudu yule hayaui. Sisi hatuna njia hiyo, kwa kuwa mnazi haupachikiki. Ugonjwa unaoua minazi ya pwani ya Bara umekwisha kuangamiza mamilioni ya miti tangu miaka ya 1960. Nazi hupukutika kabla ya kukomaa, maua hugeuka meusi, makuti huwa ya manjano, kisha kichwa chote huanguka, na shamba hubaki na vigogo vitupu vilivyosimama kama nguzo za simu. Toka dalili ya kwanza hadi kifo aghalabu ni miezi michache tu. Mwaka 1979 Serikali ilianzisha mpango wa taifa wa kuendeleza minazi. Wataalamu wakaleta na kujaribu mbegu za nchi nyingi, na nyingi katika hizo zikafa vilevile. Dawa ya kuuponya mnazi uliokwisha shikwa haijapatikana.

Watu wa Maraussan walipokwisha kuishinda filoksera walikuta adui wa pili sokoni. Mwanzoni mwa karne ya 20 mvinyo ulikuwa mwingi na bei ikaanguka. Mkulima mdogo hakuwa na mapipa ya kutosha wala ghala, hivyo ilimbidi auze upesi kwa bei apendayo mchuuzi. Ndipo mwaka 1901 wakulima wadogo wa kijiji kile walipoungana wakafanya chama cha ushirika, wakauza mvinyo wao moja kwa moja kwa vyama vya ushirika vya wafanyakazi wa Paris. Wafanyakazi walipata kinywaji safi, nao wakulima wakapata bei ya haki. Jean Jaurès, kiongozi mashuhuri wa Wajamaa wa Ufaransa, alifika kijijini mwaka 1905 akaisifu kazi yao.

Wengine wa jimbo lile hawakuwa na ushirika wa namna hiyo. Mwaka 1907 mamia ya maelfu ya wakulima waliandamana mjini Montpellier, na huko Narbonne askari wakawapiga watu risasi. Mojawapo ya malalamiko yao makubwa lilikuwa juu ya mvinyo wa uongo, uliotengenezwa kwa sukari na kuongezwa maji, kwa maana walanguzi wa kule nao walijua kulitia tembo maji, tena bila kungoja kusifiwa. Mwaka ule ule sheria ilitungwa ya kuwazuia.

Hapa lazima tuseme tofauti iliyopo. Mvinyo hungoja ghalani, bali tembo halingoji mtu. Mgema hupanda asubuhi na jioni, kotama kiunoni, akalikata karara kidogo kidogo ili maji yatiririke kibuyuni. Yaliyotoka sasa hivi ni matamu kama asali. Baada ya saa chache yamekuwa tembo kali, na siku chache baadaye ni siki. Kwa hiyo mgema hana nguvu ya kusema, "Nitauza kesho." Tena mnazi unaogemwa hauzai nazi katika makarara yale, na mara nyingi mgema si mwenye mti, bali hugawana mapato na mwenyewe.

Lakini siki haiharibiki upesi, na maji yale matamu yakichemshwa kabla ya kuchacha hutoa asali na sukari, kama wafanyavyo wakulima wa Indonesia na Ufilipino. Jambo hili lafaa hasa katika pwani yetu, ambako wengi wa majirani dini yao yawakataza kileo. Mgema mmoja hawezi kununua sufuria kubwa, kuni na chupa. Wagema ishirini waweza.

Liko jambo jingine zito zaidi, nalo halisemwi sana. Kwa desturi ya pwani mti una mwenyewe na ardhi yaweza kuwa na mwenyewe mwingine. Aliyepanda minazi amejiwekea ushahidi, na kwa sababu hiyo mwenye shamba aghalabu humkataza mgeni kupanda mti wa kudumu. Mnazi unapokufa, mzee hapotezi tembo na nazi tu, bali na shahidi wake. Kijana wake akisimama kesho mbele ya baraza la kijiji ataonyesha nini, kisiki kilichooza? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanakijiji njia ya kupata hati ya haki miliki ya kimila. Mche wa mnazi mrefu wa kwetu huchukua miaka sita au saba kabla ya kuzaa, na hapana ajuaye kama ugonjwa utauacha ufike huko. Basi mwenye shamba ambalo minazi yake imeanza kupukutisha nazi changa na aende kwa halmashauri ya kijiji chake kuiomba hati hiyo sasa, wakati vigogo vingali vimesimama na majirani waliomwona akipanda wangali hai.