KILE KIFUNGO CHA AMPLI SI CHA SAUTI



Barabara namba 2, ile inayotoka Goma na kupita Sake, Shasha na Minova mpaka Bukavu, imetuzoeza magari yenye miziki na matangazo. Tunasikia bafle inakwaruza, na nyuma ya siku kidogo iko kimya. Watu wanasema bafle ilikuwa ya uongo. Mara nyingi si hivyo: kifungo kimoja cha ampli kilifunguliwa mpaka mwisho.

Kile kifungo kimeandikwa GAIN. Wengi wanafikiri ni cha kuongeza sauti. Hapana! Kazi yake ni kupatanisha ampli na radio. Radio moja inatoa volti 4, ingine 2, telefone mara nyingi hata 1 haifikishi. Radio dhaifu inaomba kifungo kifunguliwe zaidi. Yenye nguvu inaomba kidogo. Nguvu ya ampli yenyewe haiongezeki.

Sasa ukipitisha kipimo? Ampli haiwezi kutoa volti kupita zile iko nazo. Wimbi la sauti lenye kichwa cha mviringo linakatwa, linakuwa bapa kama meza. Likikatwa kabisa, linabeba nguvu mara 2 kuliko la mviringo lenye urefu ule ule. Ndiyo kusema ampli ya wati 100 inaweza kusukuma karibu 200! Waya mwembamba ndani ya bafle unapata moto na kukatika. Bafle ndogo, zile za sauti nyembamba, ndizo zinakufa kwanza. Na mwenye gari ananunua zingine, anaziunga kwa kifungo kile kile.

Wale wa fizikia wakumbuke P = U²/R. Wati 100 kwa omu 4: U² ni 400, basi U ni volti 20. Washa motere. Ondoa filtri na besi za ziada, chomoa nyaya za bafle. Weka sauti ya radio kwa robo tatu, piga mlio mmoja usiobadilika wa 50 Hz. Multimetri iwe kwa volti za mkondo geu, pale bafle inapoungwa. Fungua GAIN pole pole mpaka 20, simama hapo. Zima radio mbele ya kurudisha nyaya.

Asiye na multimetri atumie sikio, na bafle zikiwa zimeungwa: apige wimbo anaoujua vizuri, afungue mpaka sauti ianze kukwaruza, halafu arudishe nyuma kidogo. Siku radio inabadilishwa, kazi inaanza upya.