Ndege Ikipita Juu ya Ruiru na Thika, Hufuatiliwa Vipi?

Alhamisi, Agosti 7, 2025, ndege ndogo ya huduma za matibabu ya dharura iliyotoka Uwanja wa Wilson kuelekea Hargeisa ilianguka Mwihoko, Kaunti Ndogo ya Ruiru. Watu sita walifariki: wanne waliokuwa ndani ya ndege na wawili waliokuwa chini. Mamlaka ya Usafiri wa Ndege (KCAA) ilieleza kwamba ndege iliondoka saa nane na dakika 17 mchana, na dakika tatu baadaye mawasiliano ya redio na rada yakakatika.

Kukatika huko kuna maana gani? Ili kuelewa, ni vyema kujua jinsi ndege inavyofuatiliwa.

Njia tatu

Ya kwanza ni rada ya kawaida. Antena inayozunguka hurusha mawimbi ya redio, nayo yakigonga ndege hurudi kama mwangwi. Muda wa kurudi huonyesha umbali, na upande ambao antena imeelekea huonyesha mwelekeo.

Ya pili ni rada ya maswali na majibu. Kituo huuliza kwa masafa ya megahezi 1030, na kifaa cha ndege kiitwacho transponda hujibu kwa megahezi 1090, kikitaja nambari ya utambulisho na kimo.

Ya tatu inaitwa ADS-B. Hapa ndege haisubiri kuulizwa. Hupata mahali ilipo kupitia setilaiti, kisha hutangaza yenyewe, takriban mara mbili kwa sekunde, iko wapi, iko juu kiasi gani na inakwenda kasi gani. Matangazo hayo yanaweza kunaswa hata na kipokezi kidogo kilichounganishwa na kompyuta nyumbani. Ndiyo maana programu za simu huweza kuonyesha ndege zinazopita juu ya Thika.

Mipaka yake

Mawimbi haya husafiri kwa mstari ulionyooka. Mlima ukiwa katikati, kipokezi hakisikii. Transponda nayo hutegemea umeme wa ndege. Kwa hivyo ndege "kupotea kwenye rada" ni ishara kukoma kufika. Chanzo chake hubainishwa na wachunguzi.

Hata hivyo, mahali pa mwisho palipoonekana huwapa waokoaji pa kuanzia. Juni 5, 2018, ndege iliyotoka Kitale kwenda Nairobi ikiwa na watu 10 ilipotea. Mabaki yake yalipatikana Juni 7 katika milima ya Aberdare. Hakuna aliyenusurika.

Mkazi afanye nini?

- Usitangaze ajali kwa sababu ndege imetoweka kwenye simu yako. Ndege nyingine, zikiwemo za kijeshi, huenda zisionekane kabisa.
- Ukiona ndege imeanguka, piga 999 au 112. Taja mtaa, barabara na alama iliyo karibu, kama shule au soko.
- Kaa mbali na moto na mafuta, na uachie magari ya dharura njia.
- Usiguse wala kuchukua kipande chochote. Kila kipande ni ushahidi.
- Usirushe droni bila idhini ya KCAA.

Mitambo huonyesha ndege ilipokuwa mara ya mwisho. Ikianguka mtaani, mara nyingi mkazi ndiye wa kwanza kujua ilipo. Simu yake ya mapema, yenye maelezo sahihi, inaweza kuokoa maisha.