Kutoka Bariadi Hadi Harlem: Mpiga Ngoma Anapoongoza Bendi

Pamba ikishapimwa kwenye mizani na nafaka ikishaingia ghalani, mkoa wa Simiyu, Usukumani, huingia msimu wa ngoma. Uwanja mmoja wa kijiji hubeba makundi mawili hasimu, Wagika upande huu na Wagalu upande ule, yote yakicheza kwa wakati mmoja. Kwa desturi hakuna jaji mwenye karatasi ya alama. Watazamaji hukimbilia kundi lililowakuna, wakisikia shangwe upande wa pili huhamia huko, na jioni ikifika kundi lenye umati mkubwa ndilo limeshinda.

Masimulizi ya Wasukuma yanaurudisha ushindani huo katikati ya karne ya 19, kwa Ngika na Gumha, mafundi wawili wa dawa waliobishana nani mwenye nguvu zaidi. Ubishi ukaamuliwa kwa ngoma: atakayevuta watu wengi ndiye mkali. Wafuasi wa Ngika wakawa Wagika, wa Gumha wakawa Wagalu, na mpaka leo samba, yaani dawa ya mvuto, haikosi kutajwa mashindano yanapokaribia.

Mei 11, 1937, kanuni hiyohiyo ya umati kuamua ilitumika mbali sana na Usukuma, kwenye ukumbi wa Savoy, mtaa wa Harlem, New York. Savoy ulikuwa na majukwaa mawili, hivyo bendi mbili ziliweza kupokezana bila wachezaji kupumzika. Usiku huo mgeni alikuwa Benny Goodman, aliyekwishaitwa mfalme wa swing, mtindo wa jazi, na kwenye dramu alikuwa na Gene Krupa, nyota wa Marekani nzima. Mwenyeji alikuwa Chick Webb, mpiga dramu aliyeongoza bendi yake mwenyewe. Maelfu walijaa ndani, maelfu wengine wakabaki mlangoni. Umati ulimpa Webb ushindi, na Krupa mwenyewe alikubali kwamba amepigwa.

Webb hakuwa na umbo la kutisha. Kifua kikuu cha uti wa mgongo kilimpata utotoni kikamwacha mfupi, mgongo umepinda, maumivu hayamwishi. Alikaa juu ya jukwaa dogo lililoinuliwa ili bendi nzima imwone. Noti hakuzisoma, kila wimbo aliushika kichwani, sehemu ya kila chombo, kisha akauongoza kwa fimbo zake. Mwaka 1935 alimchukua msichana asiyejulikana, Ella Fitzgerald, awe mwimbaji wake. Webb alipofariki mwaka 1939, bendi iliendelea kwa jina la Ella.

Bendi kubwa ya jazi huwa na watu kama 17 hivi: safu ya tarumbeta, safu ya tromboni, safu ya saksafoni, halafu piano, besi, pengine gitaa, na dramu. Kiongozi wa kawaida husimama mbele na kupunga mikono. Mpiga dramu mikono yake ina kazi, kwa hiyo amri zake zote ni sauti. Mfululizo mfupi wa mapigo huwaambia wapuliza tarumbeta kwamba zamu yao imefika. Kisahani kikilia, bendi nzima inapasuka. Akishusha fimbo, saksafoni moja inapata nafasi ya kusikika.

Mtindo huo haukufa na Webb. Mpiga dramu Mel Lewis alianzisha bendi na mpiga tarumbeta Thad Jones, na kuanzia mwaka 1966 wakawa wanapiga kila Jumatatu usiku katika klabu ya Village Vanguard, New York. Jones alipoondoka, Lewis aliishika peke yake hadi kifo chake mwaka 1990. Mwaka 2019 Dafnis Prieto, mpiga dramu mzaliwa wa Cuba, alishinda tuzo ya Grammy kwa albamu ya bendi yake kubwa.

Usukumani, kinachokaribiana zaidi na kazi ya mpiga dramu anayeongoza ni bugobogobo, ngoma ya wakulima. Asili yake ni shambani: watu wamejipanga mstari, majembe yanapanda na kushuka pamoja, na ngoma zinalinda kasi ya kazi. Uwanjani, pigo likibadilika, wachezaji hurusha majembe juu, wakayazungusha, wakayadaka bila kupoteza hatua. Baada ya Uhuru, vikundi vya taifa viliichukua ikajulikana nchi nzima.

Bendi zetu za dansi nazo ziliazima kwenye ngoma. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, leo ni Msondo Ngoma. Mlimani Park, iliyozaliwa mwaka 1978, ikajiita Sikinde, kwa jina la ngoma ya Wazaramo. Zote zilikuwa na safu ya tarumbeta na saksafoni, na upinzani wao ulijaza kumbi za Dar es Salaam. Hata hivyo waliotajwa kwanza ni waimbaji na wapiga magitaa, kama Muhiddin Gurumo na Said Mabera, huku mpiga dramu akikaa nyuma. Aliyetoboa peke yake ni Mzee Morris Nyunyusa, asiyeona, aliyepiga ngoma nyingi kwa mpigo. Alikwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70, na ngoma zake zikawa mlio wa kutangulia taarifa ya habari redioni.

Bendi ya aina ya Webb ikitaka kuanzishwa Bariadi, mkoani Simiyu, kumpata wa kuongoza hakutakuwa tabu. Kazi itakuwa kupata wapuliza tarumbeta, tromboni na saksafoni zaidi ya kumi, na mtu wa kuwaandikia sehemu zao juu ya mapigo ya bugobogobo.